Saluni ya Tabata, Spika Moja na Utani wa Singo Maza

Ukitaka kujua podikasti gani ya vichekesho inachekesha kweli na ipi ni vijana wanne wanaojichekea wenyewe chumbani, usihangaike kusoma maoni ya watu mtandaoni. Kuna dada mmoja wa saluni pale Tabata, atakwambia ndani ya dakika mbili na mikono yake haitaacha kusuka. Ana kispika kidogo cha kuchaji amekining'iniza kwenye msumari juu ya kioo, simu yake inakaa kwenye droo ya vitana, na bando la wiki analinunua kabla hajanunua unga. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka giza liingie, mle ndani lazima kitu kiwe kinaongea. Siku za kazi ni podikasti. Jumamosi ni singeli. Akiwepo bibi harusi, taarabu, na hapo hakuna mjadala.

Ana miaka thelathini na kitu, na mtoto mmoja wa kiume, darasa la nne. Baba wa mtoto hayupo, na hapa "hayupo" haimaanishi amefariki. Yupo mjini hapa hapa, anaonekana kwenye stetasi za watu akiwa na miwani.

Rasta ndogo ndogo ni kazi ya saa tano, sita. Mteja wa kwanza anakuja na ubuyu wake, unaisha saa ya pili. Baada ya hapo kila mtu anahema tu. Redio ina matangazo mengi, televisheni inataka macho, na macho ya msusi yako kichwani kwa mtu. Ndio maana podikasti ilivyoingia mjini, huyu dada aliipokea kama mtu aliyekuwa anaisubiri. Anasikiliza mahojiano ya Salama Jabir, anampenda kwa sababu moja tu: akiuliza swali ananyamaza. Anasikiliza za Nairobi pia, Sheng nusu anaelewa nusu anakisia, na anakisia vibaya mpaka mteja mwenye ndugu Mombasa anamsahihisha. Lakini ugonjwa wake hasa ni vichekesho. Na kwenye vichekesho ana nadharia yake, ambayo ukikaa kwenye kile kiti huwezi kuikwepa.

Nadharia yenyewe ni hii: podikasti ya vichekesho haikuanza na maikrofoni za kukunja na taa za rangi. Bongo ilianzia kibanda umiza.

Alikulia Manzese kwa mjomba wake, na mjomba alikuwa na kibanda umiza. Chumba cha mabati, mabenchi, TV yenye tumbo kubwa, deki, na pazia la khanga mlangoni kuzuia jua na wasiolipa. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza karanga na kufukuza watoto wenzake wanaochungulia kwenye tundu. Muvi zilizokuwa zinajaza benchi ni zile zilizotafsiriwa, enzi za kina Lufufu. Mdogo wangu wa 2005 unayesoma hapa huenda hujui: kulikuwa na watu wanachukua muvi ya Marekani au ya Kihindi, wanaipandishia sauti yao juu, wanakuelezea kila kitu kwa Kiswahili. Hawakuwa wanatafsiri maneno kama mwalimu wa Kiingereza. Walikuwa wanaongea na wewe. Wanampa adui jina la mtaani, wanakuonya kabla hajatokea nyuma ya mlango, wanakwambia huyu mwanamke usimuamini, mwangalie anavyokunja mdomo. Jirani zetu wanayo hiyo pia. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana ma-VJ wao kina Jingo. Mtu mmoja, maiki moja, na watu sitini kwenye joto wamekufa kwa kicheko.

"Hiyo ndo podikasti ya kwanza," huwa anasema. "Tofauti ni kwamba yule alikuwa hana bando."

Na kapatia, ukifikiria. Hata ile muvi ya Kenya, Nairobi Half Life ya mwaka 2012, inaanza na kijana wa kijijini, Mwas, anauza muvi za mapigano kwa kuziigiza mwenyewe barabarani, anarusha ngumi hewani na kutoa milio ya risasi kwa mdomo ili watu wanunue. Wengi waliiangalia wakabaki na habari za ujambazi na Nairobi ilivyo ngumu. Dada wa saluni alibaki na zile dakika za mwanzo. Kasema huyo ni DJ, kakosa tu kibanda.

Sasa kwenye kibanda umiza, kwa maelezo yake, kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote. DJ alikuwa anamcheka mwenye bunduki. Anamcheka bosi wa majambazi anayevuta sigara na kujisifu wakati wewe na yeye mnajua zimebaki dakika tano afe. Anamcheka mlinzi anayesinzia. Akimcheka maskini wa muvi, yule mama anayelia mtoto wake katekwa, benchi la nyuma lilikuwa linaguna. Si kwa sababu walikuwa watu wema sana, Manzese ile. Ni kwa sababu nusu ya benchi walikuwa wanamjua mama wa hivyo, na wengine walitoka kumwacha nyumbani.

Hapo ndipo anapoanza kuzichambua podikasti za siku hizi, na ukali wake ni wa mtu anayezipenda. La kwanza, wanacheka kabla yako. Mmoja anasema kitu cha kawaida kabisa, watatu wanaanguka kwenye viti, wengine wanapiga meza. Wewe msikilizaji unabaki kama mtu aliyefika kwenye sherehe keki imeshaliwa. Ukienda Cheka Tu, komediani anasimama peke yake jukwaani na ukumbi ukikaa kimya anajua amekufa, jasho linamtoka, wiki ijayo anarudi na kitu kingine. Kwenye podikasti hakuna kufa. Rafiki yako atacheka tu, kodi ya chumba mnachangia.

La pili, kiki. Kila kitu kinageuzwa kichwa cha habari. Saa moja na nusu ya maongezi, lakini walichokuwa wanatafuta ni sekunde arobaini za kukatia klipu. Anasema anaweza kusikia kabisa pale mtangazaji anapoacha kuongea na mwenzake na kuanza kuongea na klipu. Sauti inapanda, sentensi inakuwa fupi, halafu anairudia mara mbili.

La tatu ndilo lililomletea matatizo.

Kuanzia kama miaka miwili hivi, kila podikasti ya vijana wa kiume aliyofungua ilikuwa na utani wa singo maza. Usioe singo maza. Singo maza ni gari la mtumba, injini imeshafunguliwa. Singo maza anakuja na mzigo. Ukiona mwanamke anakupikia vizuri sana, angalia kama hana mtoto kwa bibi. Na kadhalika, unazijua. Mwanzoni alikuwa anacheka. Lile la mtumba alicheka kweli, kwa sababu lilisemwa na kijana mwenye ulimi mtamu, na lugha ikikaa vizuri huyu dada hana kinga. Mara ya ishirini ilipofika, hakuwa na tatizo la kuumia. Tatizo lilikuwa limechuja. Mteja kichwani alikuwa singo maza, anayesubiri kwenye benchi alikuwa singo maza, msaidizi wake wa kuosha nywele ana mimba ya miezi saba na jamaa kabadili namba. Saluni nzima wamekaa kimya, spika inaendelea.

Akaanza kurekodi sauti za WhatsApp akimtumia mteja wake mmoja wa kudumu, dakika nne, dakika tano, akiwachambua wale vijana. Ilikuwa vichekesho vitupu. Na humo ndimo yalimokuwa mawazo yake bora kuhusu muvi, mengine hayajawahi kuandikwa popote mjini hapa.

Chukua Commando, ile ya mwaka 1985, muvi iliyomlipia mjomba wake kodi ya kibanda. Schwarzenegger anaishi mlimani na binti yake. Wawili tu. Anakata miti, anamlisha mtoto, wanakula ice cream. Mama wa mtoto yuko wapi? Hakuna aliyewahi kuuliza. Manzese nzima hakuna mtu aliyesema "huyu singo fadha ana mzigo". Binti akatekwa, jamaa akabeba silaha zote akaenda kuua kisiwa kizima, na watu wakasimama juu ya mabenchi kushangilia. Finding Nemo, 2003, samaki baba anamlea mwanae peke yake, dunia nzima ikalia. The Pursuit of Happyness, 2006, Will Smith kalala na mtoto chooni kwenye stesheni ya treni, mama kaondoka, wanaume wazima wakafuta machozi na hadi leo wanaweka picha yake wakiandika "wanaume tunapitia mengi".

Sasa mlete mama. Terminator 2, 1991. Sarah Connor anamzaa mtoto peke yake, anajua dunia itaisha, anajifunza kutumia silaha zote ili mwanae aokoe binadamu. Tunamkuta wapi? Kafungiwa hospitali ya vichaa, na mtoto kapelekwa kulelewa na watu wengine.

"Baba akilea peke yake wanamtengenezea muvi," alimalizia kwenye sauti moja. "Mama akilea peke yake wanamkatia klipu."

Bongo Movie nayo haikusalimika. Zile za zama za Kanumba, kabla na baada ya Aprili 2012 mji uliposimama kumzika, alizitazama zote, na anamheshimu marehemu kwa kuifanya tasnia ionekane kazi ya watu waliooga. Lakini mama peke yake kwenye muvi zile alikuwa na kazi mbili tu: kufukuzwa na mama mkwe Part One, na kulia kitandani hospitali Part Two mwanae akirudi na suti. Halafu hiyo habari ya Part Two yenyewe. Hakuna kitu anachokichukia kama Part Two. Hadithi ya saa moja na nusu inakatwa katikati, mtu amenyanyua panga, CD inaisha, ukamilishie kesho kwa hela nyingine. Anasema alishalipia mwisho wa hadithi mara nyingi mno katika maisha yake. Kwenye filamu za nyumbani anayoisifu ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Yule Yasmin anaikimbia ndoa, anateleza, anaanza upya, na kamera haimcheki hata mara moja. Mteja aliyempeleka kuiona alisinzia. Watu hatufanani.

Kwenye muziki ndipo ana huruma kidogo, labda kwa sababu Jumamosi singeli inamsaidia kazi. Ukiweka biti ya mia mbili na zaidi kwa dakika, vidole vinakimbia vyenyewe. Kichwa cha saa sita kinaisha kwa saa tano, na Msaga Sumu angestahili kulipwa asilimia. Amapiano imemchosha, anasema kila msanii wa Bongo sasa anaimba kama yuko kwenye foleni ya Johannesburg. Christian Bella na Ommy Dimpoz anawaweka kila siku ya akina mama duniani, ule wimbo wa Nani Kama Mama, kama kila mtu mwingine. Ila anachoshangaa ni kuona wale wale vijana wa "injini imefunguliwa" siku hiyo nao wameweka wimbo huo huo stetasi, na picha ya bi mkubwa kavaa kitenge. Yaani mama akiwa wako ni malkia. Akiwa wa mwenzio, singo maza.

Lakini hoja yake iliyokwenda ndani zaidi ni ya taarabu. Watu wakimwambia aache kulialia, utani ni utani, hata zamani watu walikuwa wanachambana, anakubali. Tena anafurahi. Anakumbushia miaka ya tisini, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis Kidogo akiwa Muungano, mji ulivyogawanyika kama Simba na Yanga. Walipigana vijembe mpaka watu wakawa wanakwenda ukumbini wamevaa sare za upande wao na noti mkononi za kutunza. Hiyo ndiyo mipasho. Ila angalia vizuri, anasema: Kopa akirusha, Nasma alikuwa na bendi. Wiki ijayo anapanda jukwaani na wimbo wake, kajibu, na waliotunza huku wanatunza kule. Wote wawili walikuwa na maiki. Hawa wa podikasti wanamchamba mtu ambaye muda huo yuko sokoni anachagua nyanya.

Basi yule mteja wa kudumu, ambaye kumbe mdogo wake ni mmoja wa vijana wenye podikasti hizo, akazisambaza zile sauti. Mdogo mtu akasikiliza, akacheka hadi akakohoa, akapiga simu.

"Sister, shikamoo. Sisi tunakuomba uje utuchane mbele ya maiki. Tumekukubali."

Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akauliza watamlipa nini, wakasema nauli na chakula. Mara ya tatu akaenda, na sababu aliyoitoa saluni ni kwamba amewatukana miaka miwili kwa mgongo, akiitwa asipoenda atakuwa kama wao tu. Alifunga saluni siku nzima ya Jumanne. Alivaa gauni la harusi ya mdogo wake. Chumba chenyewe kilikuwa Sinza, ukutani magodoro ya kuzuia mwangwi, feni imezimwa isiingie kwenye sauti. Vijana wanne, mkubwa hafiki thelathini. Wote walimwamkia. Kwa lolote litakalosemwa juu yao, adabu ya kuamkia walikuwa nayo.

Walirekodi saa moja na dakika kumi, na waliokuwepo wanasema ilikuwa moto. Alimfanya Schwarzenegger kwa sauti ya Lufufu. Aliwauliza bei ya gari la mtumba wanaijua, au wanapanda mwendokasi. Kuna sehemu alijitania mwenyewe, kwa sababu huwezi kuchana watu saa nzima bila na wewe kujipaka masizi kidogo. Hiyo aliisoma kwa Mzee Majuto, marehemu, ambaye miaka yote alikuwa anatuchekesha kwa kujifanya yeye ndiye mzee asiye na akili kwenye kila hadithi. Akasema, baba wa mtoto kapotea muda mrefu mpaka sura yake kaisahau, anaikumbuka tu akimuogesha mtoto, akifika kwenye paji la uso, lile paji pana kama uwanja wa ndege, anasema alaa, kumbe wewe. Wote wakaanguka.

Halafu karibu na mwisho akawauliza swali. Kati yenu wanne, nani kalelewa na mama peke yake?

Kikapita kimya. Feni haikuwepo hata ya kufunika. Mmoja akanyoosha mkono. Baadaye wa pili, yule mwenye utani wa mtumba, akanyoosha nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu.

"Sister," akasema, "hii tutaikata."

Na kweli waliikata.

Klipu ilitoka Ijumaa. Sekunde arobaini. Hakukuwa na Schwarzenegger, hakukuwa na mtumba, hakukuwa na mikono miwili. Ilikuwa ni yeye anacheka na kusema sura ya baba wa mtoto kaisahau, ikakatiwa hapo hapo kabla ya paji la uso. Juu maandishi ya njano: SINGO MAZA AKIRI, BABA WA MTOTO SIMKUMBUKI.

Mtu aliyeishi mjini hapa hahitaji kuelezwa kilichofuata. Kurasa za ubuyu ziliibeba kwa saa chache. Walioandika chini yake hawakuwa wanacheka utani. Walikuwa wanamcheka yeye. Mama mmoja wa shuleni kwa mtoto akaiweka kwenye kundi la wazazi, akaifuta, akasema kidole kimeteleza. Wateja wawili hawakuja, huenda kwa sababu nyingine. Jumapili usiku baba wa mtoto, aliyekuwa anatuma elfu hamsini kila mwezi anapokumbuka, akatuma meseji ya kwanza baada ya wiki sita. Ilikuwa picha ya klipu, na chini yake maneno manne: kumbe mtoto si wangu.

Hapa ndipo utani ulipokuwa na bei inayojulikana. Elfu hamsini ni chakula cha mchana cha shule na daftari.

Jumatatu asubuhi alikwenda Sinza bila kupiga simu. Akamkuta yule wa utani wa mtumba peke yake, anahariri. Hakupiga kelele, na hilo kwa waliomjua ndilo lililotisha. Alimwonyesha ile meseji. Kijana akaisoma mara mbili, akakaa.

"Dada'angu, lakini klipu imetembea kuliko zote tulizowahi kutoa. Tufanye hivi: uje tena, tufanye Part Two, usafishe hali ya hewa."

"Mdogo wangu, mimi Part Two sijawahi kununua."

Akamwomba kitu kimoja. Waweke ile sehemu ya mikono. Hata kama ni sekunde kumi. Kijana akanyamaza muda, akasema hawezi. Mama yake anauza mihogo ya kukaanga Mwananyamala na anasikiliza kila kipindi kwa simu aliyonunuliwa na mwanae kwa hela za hicho hicho kipindi. Utani wa singo maza anaujua wote. Anaucheka. Wakikaa nyumbani hawajawahi kuzungumzia kwamba anayechekwa ni yeye, na kijana hataki siku ya kuzungumza hilo ianzie kwenye klipu.

Dada wa saluni hakuwa na la kujibu. Alikuwa amekwenda kugombana na mtangazaji akamkuta mtoto wa mtu. Klipu waliishusha siku hiyo jioni, na kwa haki ni vizuri kusema waliishusha. Kwenye kurasa nyingine ipo mpaka kesho.

Habari ya baba wa mtoto haikumalizwa na ustawi wa jamii, wala na yeye mwenyewe. Mama yake mzazi, bi mkubwa wa Manzese, alimpigia simu mama wa yule mwanaume. Wanawake wawili wanaoheshimiana kwa sababu hawapendani. Hakuna aliyesikia walichozungumza isipokuwa sentensi moja, aliyoirudia bi mkubwa akicheka mpaka akashika ukuta. Yule bibi alisema: mwambie mwanangu lile paji la uso nimelizaa mimi, nalijua popote nitakapoliona. Hela ya mwezi ule haikuja. Ya mwezi uliofuata ilikuja nusu, bila meseji.

Saluni, spika ilinyamaza kama wiki mbili. Ilikuwa singeli tu, hata Jumatano, mpaka wateja wakaanza kusema wanaumwa kichwa. Akarudi kwenye podikasti taratibu, mahojiano kwanza, baadaye vichekesho. Ile ya Sinza anaisikiliza. Wanaomshangaa anawajibu kwamba yule kijana wa mtumba ana kipaji, na kipaji hakichukiwi. Anasema siku hizi wakifika kwenye utani ule yeye anachelewa kucheka, wenzake wanacheka wa kwanza. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia ni sikio la mtu anayetaka kusikia hivyo.

Kilichomkosesha usingizi zaidi ni mtoto. Alijua shuleni imefika, watoto wa darasa la nne wana simu za mama zao. Alisubiri aulizwe. Aliandaa majibu mawili, moja la kweli na moja la umri wake. Wiki ikapita, mtoto kimya, anakula, anafanya hesabu zake. Mwishowe akamuuliza yeye: kuna mtu kakwambia kitu kuhusu mama?

Mtoto akasema ndio, wengi. Amewaambia hawajui utani, mama yake ni komediani. Wakamwambia mwongo, akawaambia kipindi kinaendelea, hiyo ilikuwa Part One. Sasa kila Ijumaa akirudi shule, kabla hajavua viatu, anauliza Part Two inatoka lini.